Kupanda Mto na Futi Kamba: Shajara ya Kukagua Kama Magogo Yameongeza Samaki

Siku ya maandalizi

Mto ni mdogo. Msimu wa maji machache unavukwa kwa miguu, na ukipima upana wake pale maji yanapofikia midomo ya kingo kabla ya kufurika, unapata mita nane hivi. Zamani ulinyooshwa na kuondolewa magogo, ukabaki kama mfereji: maji yanakimbia, sakafu ni mawe matupu, vilindi ni vya kutafuta. Ukarabati uliofanywa ni wa magogo yaliyobanwa kwa nguzo za mbao zilizopigiliwa kwenye sakafu ya mto, bila saruji wala nyaya. Sehemu mbili zimewekewa magogo, mbili zimeachwa kama zilivyo ili ziwe za kulinganishia. Kila sehemu ina urefu wa mita 160, yaani upana mara 20, ili ipatikane mizunguko kadhaa ya kilindi na maji ya kasi ndani ya sehemu moja.

Swali linaloandikwa juu kabisa ya daftari ni hili: je, mto una samaki wengi kuliko ambao ungekuwa nao kama magogo yasingewekwa? Kuuliza kama magogo bado yapo ni kazi ya fundi aliyeyaweka. Kuuliza kama samaki wameonekana chini yake ni kazi ya mpiga picha. Samaki wanaweza kuwa wamehama tu kutoka mita hamsini juu, wakajikusanya kivulini, na jumla yao mtoni isibadilike hata kwa mmoja.

Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu ya miradi 37,099 ya kurejesha mito nchini humo; iliyokuwa na kumbukumbu ya ufuatiliaji wa aina yoyote ilikuwa asilimia 10 hivi. Na hata penye ufuatiliaji, kasoro kubwa haitokani na vifaa. Inatokana na kutopima hali ya kabla, na kutoandika mapema kinachotarajiwa. Mto Kissimmee wa Florida ni mfano wa kinyume chake. Ulinyooshwa kati ya 1962 na 1971, kilomita 166 za mizunguko zikageuzwa mfereji wa kilomita 90. Kabla kazi ya kuufukia mfereji haijaanza mwaka 1999, hali iliyokuwepo ilipimwa, na matarajio yakaandikwa kwa namba: oksijeni majini, mimea, samaki, ndege wa majini. Ujenzi ulipokamilika mwaka 2021, kulikuwa na kitu cha kulinganisha nacho.

Stoo, kazi kubwa ni vipimajoto vya kurekodi. Vyote vinatumbukizwa kwenye beseni la barafu iliyopondwa na maji, linakorogwa, na baada ya kutulia kila kimoja kinapaswa kusoma sifuri. Kisha vinawekwa kwenye maji ya joto la kawaida pamoja na kipimajoto chenye cheti. Kinachopotoka zaidi ya nyuzi 0.2 kinarudi kabatini. Ukiruka hatua hii, nusu nyuzi utakayoiona mwakani kati ya sehemu iliyokarabatiwa na isiyokarabatiwa huenda ikawa ni tofauti ya viwanda viwili.

Buti zenye soli ya kitambaa cha sufu zinabaki stoo. Hazikauki upesi, na hubeba mwani na vimelea kutoka mto mmoja hadi mwingine. Tunachukua zenye soli ya mpira.

Siku ya kwanza: antena za chini

Safari yote inakwenda kutoka chini kupanda juu, kwa sababu tope utakalolitibua huteremka na maji na kukuachia mbele yako mto safi. Mwisho wa chini kabisa ndipo zilipo antena za chipu za PIT.

Chipu hiyo ni kidonge cha kioo kinachochomwa mwilini mwa samaki ili atambulike, chenye urefu wa milimita 12 na uzito wa gramu 0.1 hivi. Haina betri. Antena huiamsha kwa masafa ya kilohezi 134.2, nayo hurudisha namba ambayo hakuna samaki mwingine anayo. Antena zimelazwa mbili, moja juu na moja chini, umbali wa mita chache. Mfuatano wa kusomwa unaonyesha kama samaki anashuka au anapanda. Na faida kubwa zaidi, kila antena inaikagua mwenzake.

Hesabu yake ni nyepesi lakini hurukwa mara nyingi. Tuseme antena ya chini imesoma samaki 80 wanaoshuka, na 72 kati yao walikwisha kusomwa na ya juu: basi ya juu inanasa asilimia 90. Ya juu nayo imesoma 90, na ni hao 72 waliosomwa tena chini: ya chini inanasa asilimia 80. Uwezekano wa samaki kupita zote mbili bila kuonekana ni 0.1 mara 0.2, yaani wawili katika kila mia. Bila kujua hilo, msimu ambao antena zilisoma vibaya utaonekana kama msimu ambao samaki walikufa.

Na antena husoma vibaya kwa sababu nyingi. Umbali wa kusoma chipu ya milimita 12 mara nyingi haufiki nusu mita, kwa hiyo maji yakipanda samaki hupita juu bila habari. Chuma kilichoachwa karibu, hata nondo moja, hupunguza uga wa sumaku wa antena. Volti ya betri ikishuka, umbali wa kusoma hupotea kabla mtambo haujazima, na faili litaonekana limejaa wakati halina maana. Tatizo la kuudhi kuliko yote ni chipu ya samaki aliyekufa iliyokwama juu ya antena: inasomwa mfululizo usiku na mchana na kuziba masikio ya mtambo kwa kila mwingine anayepita. Ukikuta namba moja imejirudia maelfu ya mara, chukua fimbo yenye antena ndogo, itafute chini ya mawe, itoe.

Kabla ya kuondoka: chipu ya majaribio inapitishwa kwa kamba sehemu tano za upana wa mto na kina kinaandikwa, saa ya mtambo inalinganishwa na saa ya GPS, na tofauti inaandikwa hata ikiwa ya sekunde.

Siku ya pili: joto na wingi wa maji

Vipimajoto hurekodi kila baada ya dakika 30. Kila kimoja kinakaa ndani ya kipande cha bomba jeupe la plastiki lililotobolewa matundu, ili jua lisikipashe chenyewe. Kinafungwa kwa waya kwenye nondo iliyopigiliwa mahali maji yanapopita na kuchanganyika. Nyuma ya jiwe au kwenye kidimbwi kilichotulia utapima joto la kona hiyo peke yake.

Makosa mawili yanajulikana kwa kuangalia mchoro tu. Mawimbi ya mchana na usiku yakikua ghafla hadi kufanana na ya hewa, maji yalipungua na kipimajoto kikabaki nje. Mawimbi yakinywea na kilele chake kuchelewa kwa saa kadhaa, kimefukiwa na mashapo. Vipande hivyo vinakatwa, na sababu inaandikwa pembeni. Kipimo kinachobaki mwishoni ni wastani wa siku saba wa joto la juu la kila siku. Ndicho kinachoeleza maisha ya trauti na samoni, samaki wa maji baridi. Wastani wa mwezi huficha saa tatu za mchana zinazowadhuru.

Wingi wa maji unapimwa katika kila sehemu, maana upana na kina vyote vinategemea siku hiyo maji yalikuwa kiasi gani. Kamba inavutwa ukingo kwa ukingo, upana unagawanywa mara 20 hadi 25, na kasi inapimwa katika kila mgawo. Kina kikiwa chini ya sentimita 75, kipima kasi kinawekwa asilimia 60 ya kina kutoka juu. Kikizidi hapo, kinapimwa mara mbili, asilimia 20 na asilimia 80, kisha wastani. Mgawo mmoja ukibeba zaidi ya asilimia 10 ya maji yote, gawa tena. Mpimaji anasimama upande wa chini na pembeni, mikono imenyooka, maana miguu yake inageuza mkondo.

Siku ya tatu: wadudu kabla ya miguu

Wadudu wa majini wanachukuliwa kabla ya kazi yoyote nyingine ndani ya sehemu, kwa sababu kila hatua mtoni inawang'oa. Fremu ya sentimita 30 kwa 30 yenye wavu wa tundu la nusu milimita inawekwa mahali manane penye maji ya kasi, pakichaguliwa kwa namba za nasibu. Mawe ndani ya fremu yanasuguliwa kwa mkono moja moja, kisha kokoto zinachokonolewa kwa muda uleule kila mahali. Manane yote yanachanganywa kwenye chupa moja yenye ethanoli ya asilimia 95. Kesho yake ethanoli inabadilishwa, kwani maji ya mimea na wadudu wenyewe huipunguza makali na sampuli huoza.

Tusiwape wadudu mzigo wasioubeba. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2010 yalichunguza miradi 78 ya kuongeza miundo na maumbo mtoni. Miwili tu ndiyo iliyoonyesha ongezeko la kuaminika la aina za wadudu. Maumbo ya sakafu yakirudi huku maji yakiendelea kuwa machafu au ya moto, orodha ya aina haiongezeki. Kwetu wadudu ni swali la chakula: samaki wasipokua, je, ni njaa?

Siku ya nne: kuwatia samaki alama

Kazi inaanza asubuhi na mapema. Maji yakifika nyuzi 18 tunasimama, hata kama mita 40 zimebaki, maana samaki aliyechoka na joto hapati nafuu baada ya kupigwa umeme.

Mashine ya umeme, ya kuwalegeza samaki ili wakamatwe, inabebwa mgongoni. Kwanza unapimwa uwezo wa maji kupitisha umeme, kisha volti inaanzia chini na kupandishwa hadi samaki waelekee kwenye anodi, yaani ncha chanya ya umeme, na kulegea, isizidi hapo. Umeme ni wa mkondo mnyoofu wenye mapigo, mapigo 30 kwa sekunde. Alama nyeusi ubavuni mwa samaki ni dalili ya jeraha karibu na uti wa mgongo, zikionekana, punguza. Sekunde za umeme zinaandikwa, kwa sababu kesho zinatakiwa zilingane.

Samaki wanakaa kwenye ndoo zenye pampu ya hewa na kifuniko. Wachache wachache wanaingizwa kwenye dawa ya usingizi ya MS-222, ambayo huyafanya maji kuwa na asidi, kwa hiyo bikaboneti ya sodiamu inaongezwa hadi maji yarudi katika hali ya awali. Urefu unapimwa kutoka puani hadi kwenye panda ya mkia, uzito unapimwa kwenye mizani iliyokingwa upepo. Anayefikia milimita 65 anapata chipu: sindano inaingia kidogo tu nyuma ya pezi la kifua, pembeni mwa mstari wa kati wa tumbo, mdomo wa sindano ukielekea mkiani. Ikiingia kwa kina inapasua utumbo. Chipu inasomwa kabla ya kuchomwa na baada ya kuchomwa, kwa sababu samaki anaweza kuwa na yake tangu mwaka jana, na huyo ndiye mwenye thamani kuliko wote mle ndooni: anatuambia alivyokua na kwamba amepona. Wanarudishwa palepale walipokamatwa, mita chache chini ya mahali watu wanapoendelea na kazi, katika maji yaliyotulia.

Siku ya tano: kuwakamata tena

Saa zilezile, sekunde zilezile, watu walewale. Leo tunahesabu wangapi wana alama.

Tuseme jana walitiwa alama 84. Leo wamekamatwa 89, na 29 kati yao wana alama. Kanuni ya Chapman ya kukadiria idadi yote: 84 jumlisha 1, mara 89 jumlisha 1, gawa kwa 29 jumlisha 1, toa 1. Hiyo ni 85 mara 90, gawa kwa 30, toa 1: samaki 254 ndani ya mita 160, au 159 kwa kila mita 100. Hesabu inafanywa kwa makundi ya urefu, kwa sababu samaki mkubwa hunaswa kirahisi kuliko mdogo.

Kwa nini tusipite mara moja tukahesabu, tukaokoa siku nzima? Jibu liko chini ya magogo. Kabla ya ukarabati, tuseme kuna samaki 100 kwenye mto mwembamba usio na pa kujificha, na mashine inanasa nusu yao: unahesabu 50. Baada ya magogo wako 130, lakini wanajibana kwenye matawi na mashine inanasa asilimia 35 tu: unahesabu 45 au 46. Samaki wameongezeka kwa asilimia 30 nawe unaandika ripoti kwamba wamepungua. Mradi mzuri hupunguza uwezo wako wa kuona matokeo yake. Njia ya kupita mara tatu na kutazama idadi inavyopungua ina dosari hiyohiyo kwa sura nyingine: samaki waliobaki baada ya kupita mara ya kwanza ni wale wagumu kunaswa, kwa hiyo makadirio hutoka pungufu, na hutoka pungufu zaidi penye magogo mengi.

Kitu kingine cha kuangalia leo ni mpaka. Kati ya jana na leo, samaki waliotoka nje ya sehemu hupunguza idadi ya wenye alama na kulikuza jibu. Ndiyo sababu mita 20 juu na mita 20 chini ya sehemu zinapitiwa pia, kutafuta wenye alama waliovuka.

Siku ya sita: umbo la mto

Samaki wamemaliza, sasa miguu inaruhusiwa. Totali stesheni, ile mashine ya wapima ardhi, inasimamishwa juu ya nondo ya rejea iliyozamishwa ardhini miaka ya nyuma. Nondo ziko tatu, zote juu ya kiwango cha mafuriko, ili moja ikipotea au ikigongwa na mnyama mbili zilizobaki ziitambulishe. GPS ya usahihi mkubwa ingekuwa haraka, lakini chini ya miti iliyofunga ishara hukatika, na urefu wa kwenda juu ndiko hupotea kwanza.

Mpimaji mwenye prizimu, kioo kilicho juu ya fito kinachorudisha mwanga wa mashine, hatembei kwa gridi. Anafuata mikunjo: mdomo wa ukingo, mguu wa ukingo, ukingo wa maji, mstari wa kina kirefu, kichwa na mkia wa kila kilindi. Pointi ziwe nyingi panapogeuka, chache panapolala. Kila baada ya pointi 50 hivi anarudi kwenye nondo ya pili kuhakikisha mashine haijazama wala kugeuka. Fito yenye ncha kali ni kosa. Kwenye mchanga inazama sentimita tano na unapata mmomonyoko usiokuwepo. Iwekewe sahani bapa chini.

Ramani mbili za miaka miwili zinatolewa moja kutoka kwa nyingine. Hapo ndipo watu hudanganyika, kwa sababu kila ramani ina makosa yake na makosa hayo hujumlishwa. Ramani ya kwanza ikiwa na kosa la sentimita 6 na ya pili sentimita 8, badiliko lililo chini ya sentimita 10 halitofautiki na makosa ya kipimo: 6 mara 6 jumlisha 8 mara 8 ni 100, na kipeuo chake cha pili ni 10. Rangi zote nyepesi kwenye ramani zinafutwa kabla ya kuanza kuzungumza.

Gogo moja likitazamwa kwa karibu linaeleza kama wazo lenyewe linafanya kazi. Linapobana mkondo, maji yanaharakisha mbele ya ncha yake na kuchimba kilindi. Mchanga na kokoto zilizochimbwa zinatua nyuma yake na chini zaidi kuwa ufuo mdogo. Ukingo wa pili unaanza kuliwa, na mto unapata upana uliokuwa umenyang'anywa. Ukiona gogo liko imara lakini halijachimba wala kutuza chochote baada ya mafuriko mawili, limewekwa sambamba mno na mkondo au ni fupi mno, na linapamba tu. Gogo lililong'oka likakwama mita 30 chini na kuchimba kilindi huko limefanya kazi yake. Ndiyo maana kila gogo lina kibati cha alumini chenye namba; tusingejua lilipotoka.

Vilindi havipimwi kwa kina cha siku hiyo. Kinachukuliwa kina kirefu kabisa na kutolewa kina cha mdomo wa kilindi upande wa chini: mita 1.10 toa 0.25, inabaki 0.85. Kiasi hicho ndicho ambacho kingebaki kimejaa kama mto ungeacha kutiririka, na hakibadiliki maji yakiongezeka au kupungua.

Siku ya saba: kokoto na mbao

Fupi. Mtu anatembea kwa mistari ukingo hadi ukingo, kila hatua anashusha kidole mbele ya kiatu huku akiangalia pembeni, anaokota jiwe la kwanza lililoguswa na kulipitisha kwenye sahani ya matundu. Mawe 100 ndiyo kiwango tangu Wolman alipoieleza njia hii mwaka 1954, lakini penye mchanganyiko mkubwa wa mawe tunakwenda hadi 200. Kinachopimwa ni mhimili wa kati wa jiwe, si mrefu wala mfupi. Kosa la kila siku ni kidole kuruka mchanga na kuchagua jiwe linaloshikika. Kwa hiyo mchanga na tope vinaandikwa kama vilivyo, "chini ya milimita 2". Mchanga ukiongezeka kwenye kokoto za kutagia, mayai hukosa maji yanayopenya na kukosa oksijeni.

Mbao zote zenye kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa mita 1 au zaidi zinahesabiwa, ziwe zetu au zilizoletwa na mto wenyewe. Hizo za pili ndizo zinazofurahisha zaidi.

Siku ya nane: sehemu zisizoguswa

Leo tunarudia yote, wadudu kwanza, katika sehemu ya kulinganishia iliyo juu kabisa. Kikosi cha pili kinamalizia ile nyingine. Na pale ambapo vikosi viwili vinafanya kazi, sehemu moja lazima ipimwe na vyote viwili bila kuonana, kwa sababu watu hutofautiana kuhusu kilindi kinaanzia wapi kuliko wanavyokubali. Tofauti kati ya vikosi ikizidi tofauti kati ya miaka, kanuni iandikwe upya na watu wafundishwe upya.

Ndiyo siku inayochosha zaidi, na ndiyo bajeti ikipungua hukatwa ya kwanza. Mfadhili haoni sababu ya kulipia mahali ambapo hapakufanyika kitu.

Siku ya mwisho: kwenye meza

Tuseme namba ni hizi, samaki kwa kila mita 100. Kabla: iliyokarabatiwa 40, ya kulinganishia 50. Baada: iliyokarabatiwa 60, ya kulinganishia 72. Asiye na sehemu ya kulinganishia anatangaza ongezeko la asilimia 50. Ukiwa nayo, tofauti kabla ilikuwa pungufu 10 na baada ni pungufu 12; mradi haukuongeza kitu, mwaka ulikuwa mzuri kwa kila samaki mtoni. Lakini ukigawa badala ya kutoa, 60 kwa 40 ni 1.5, na 72 kwa 50 ni 1.44, basi mradi umeongeza asilimia 4. Namba zilezile, majibu mawili. Kanuni ya kutumia ichaguliwe kabla ya magogo kuwekwa. Samaki huongezeka na kupungua kwa uwiano, kwa hiyo kugawa, au kutumia logarithmi za namba hizo, kwa kawaida ndiko sahihi.

Na mwaka mmoja kabla na mmoja baada havitoshi. Samaki anayekaa mtoni na baharini miaka mitatu hadi mitano kabla ya kurudi kutaga anahitaji vizazi viwili ili uone kitu. Bahari nayo ina mambo yake. Idadi ya wakubwa wanaorudi hupanda na kushuka bila kujali kijito kimefanywa nini. Ndiyo sababu kipimo tunachotumia ni idadi ya samaki wachanga wanaoshuka kwa kila mzazi aliyetaga, pamoja na uhai na ukuaji wao.

Kijito cha Bridge, Oregon, tawi la mto John Day, ndicho cha kurejea unapouliza kama jambo hili linawezekana. Kuanzia mwaka 2009 ziliwekwa nguzo zilizosukwa matawi, mfano wa mabwawa ya biva, mnyama anayeziba vijito kwa miti, na biva wenyewe wakaendeleza ujenzi. Kijito cha Murderers kilipimwa kama cha kulinganishia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha uhai wa stilihedi (trauti wanaokwenda baharini) wachanga ukiongezeka kwa asilimia 52 na uzalishaji kwa asilimia 175 kulinganisha na kijito hicho. Nguvu ya ushahidi huo inatokana na chipu na urefu wa eneo: walifuata samaki katika kijito kizima, si katika bwawa moja moja.

Namba zisiposogea, vipimo vya wiki nzima vinasomwa kwa mfuatano wa sababu. Vilindi havikuongezeka: magogo ni machache au mafuriko hayajaja. Vilindi vimeongezeka, samaki wamekaa vilevile: angalia joto. Joto ni zuri: angalia uzito na wadudu, kama samaki ni wengi lakini wembamba. Vyote vizuri: hesabu viota vya mayai, maana kama wazazi waliorudi ni wachache, vyumba vipya vitabaki vitupu hata vikiwa bora kiasi gani.

Kazi inayofuata ni kuongeza magogo, lakini si kila mahali kwa mpigo. Katika kijito cha Asotin, jimbo la Washington, magogo yaliwekwa kwa zamu katika miaka tofauti kwenye matawi tofauti, ili ukame au mafuriko ya mwaka mmoja yasichanganyike na athari ya ukarabati. Nasi sehemu ya tatu inapangiwa mwakani, ya nne haiguswi. Makubaliano na mwenye ardhi ya sehemu hiyo ya nne yanaandikwa na kusainiwa sasa, kwa miaka kumi, kwa sababu mara tu habari za samaki zikisambaa atatokea mtu mwenye nia njema na fungu la fedha anayetaka kuikarabati hiyo pia.